Kathmandu hadi Lukla ni kilomita 135: dakika 20, dakika 35 au siku 3?

Swali la msomaji:

"Shikamoo kapteni. Mimi ni muongoza wageni Mlima Kilimanjaro, naishi Moshi, mwaka wa 12 sasa niko kwenye kazi hii. Mgeni niliyempandisha mara 2 amenialika twende naye Nepal mwezi Oktoba, tutembee hadi kambi ya chini ya Everest. Nimepima kwenye ramani kutoka uwanja wa ndege wa Kathmandu hadi uwanja wa Lukla nikapata kilomita 135, lakini pengine nimekuta wameandika 138. Ratiba inasema dakika 35. Jamaa mmoja aliyewahi kwenda ananiambia yeye aliruka dakika 20 tu. Halafu wakala anasema niache siku 2 au 3 za akiba kwa safari hiyo hiyo. Dar hadi Zanzibar ni dakika 20 na sijawahi kuacha hata nusu siku. Nani anasema kweli? Nauliza kwa sababu ndege yangu ya kurudi nyumbani inaondoka Kathmandu usiku wa siku ileile ninayotoka Lukla."

Jibu:

Marahaba, kijana wangu, na hongera sana. Mgeni anayerudi kumwalika aliyempandisha mlima ni mgeni aliyehudumiwa vizuri.

Hao wote wanasema kweli, ila kila mmoja anajibu swali lake. Mwenye ramani anajibu umbali, mwenye ratiba anajibu muda wa ndege inayotoka Kathmandu, jamaa yako anajibu muda kutoka kiwanja kingine kabisa ambacho nitakutajia, na wakala anajibu swali lililo kubwa kuliko yote: lini utafika. Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikae chini nikuandikie kwa kirefu. Kama hiyo tiketi ya usiku bado hujailipia, usiilipie mpaka umalize kusoma.

Tuanze na umbali, kwa sababu huo unaweza kuupiga mwenyewe kwa kalamu na karatasi, na ukishaupiga hakuna atakayekuyumbisha kwa namba. Kiwanja cha Kathmandu kiko kwenye latitudo ya digrii 27 na dakika 41 kaskazini. Kiwanja cha Lukla nacho kiko digrii 27 na dakika 41 kaskazini. Yaani viko kwenye mstari mmoja. Ukitoka Kathmandu ukashika mashariki bila kupinda, unaiangukia Lukla. Kinachovitenganisha ni longitudo peke yake. Kathmandu ni digrii 85 na dakika 22 mashariki, Lukla ni digrii 86 na dakika 44. Tofauti ni dakika 82. Hizi si dakika za saa. Ni vipande vya digrii, kila digrii ina vipande 60.

Kwetu hapa karibu na ikweta, dakika 1 ya longitudo ni sawa na maili 1 ya baharini, kilomita 1.852. Lakini kadiri unavyokwenda kaskazini mzingo wa dunia unapungua, kama duara la chungwa linavyokuwa dogo ukilikatia karibu na kikonyo. Ukifika digrii 27 na ushei, ile maili imebaki 0.885 ya ilivyokuwa. Zidisha 82 kwa 0.885 unapata kama maili 73 za baharini. Zidisha 73 kwa 1.852 unapata kilomita 135. Ramani yako haikukudanganya. Hiyo 138 utaipata ukianza kupimia katikati ya mji wa Kathmandu badala ya kiwanjani, kwa kuwa kiwanja kiko upande wa mashariki wa mji, tayari kimesogea kilomita 3 hivi kuelekea Lukla.

Watu wengi hudhani kule kupanda ndiko kunakoongeza safari. Kathmandu iko mita 1,338 juu ya usawa wa bahari, Lukla iko 2,845, kwa hiyo ndege inapanda mita 1,500 hivi kati ya viwanja hivi viwili. Ukipiga hesabu ya ule mshazari, nyongeza yake kwenye kilomita 135 ni kama mita 8. Urefu wa basi la Coaster, basi. Kinachoongeza safari ni kupinda. Kati ya Kathmandu na Lukla kuna safu za vilima zinazoshuka kutoka kwenye theluji kuelekea kusini, kila safu na bonde lake, kila bonde na mto wake, na ndege ndogo inavuka kila safu mahali ilipoinama kidogo. Mojawapo ya migongo hiyo ni Lamjura, ambako njia ya miguu ya zamani ya kutoka Jiri hupita kwenye mita 3,530. Rubani hulinganisha mahali mawingu yalipokaa na mahali mgongo ulipo chini, halafu anachagua pa kupenya. Leo atapinda kusini kidogo, kesho atanyoosha. Kwa hiyo kilomita zile 135 ni za karatasi, na zile anazoziruka hasa zinazidi kidogo, kila siku kwa kiasi chake.

Sasa dakika. Ndege zinazokwenda Lukla ni za injini 2 za propela zilizotengenezwa kwa viwanja vifupi: Twin Otter, Dornier 228 na Let 410. Twin Otter ikishatulia angani inakwenda kama maili 150 za baharini kwa saa. Gawa 73 kwa 150, unapata dakika 29. Ongeza ule mwanzo ambapo inapanda polepole, na ule mwisho ambapo inapunguza kasi bondeni kutafuta mstari wa kutua, unakuja kwenye dakika 30 hadi 35. Ukumbuke pia kwamba muda unaochapwa kwenye ratiba hauhesabiwi kutoka magurudumu yanapoacha ardhi. Unahesabiwa kutoka ndege inapoanza kusogea kwenye maegesho hadi inaposimama upande wa pili. Kathmandu kuna njia 1 tu ya kurukia, na ndege kubwa za kimataifa na ndogo za milimani zinapanga foleni moja. Nimeona watu wamekaa ndani ya ndege, propela zinazunguka, zamu haijafika, muda ukawa mrefu kuliko safari yenyewe.

Foleni hiyo ndiyo inayotupeleka kwa jamaa yako wa dakika 20. Tangu mwaka 2019, miezi ya msongamano wa watalii, yaani majira ya machipuo na hii Oktoba na Novemba unayoilenga, safari nyingi za Lukla zimekuwa zikihamishiwa kiwanja kidogo cha Manthali, wilaya ya Ramechhap. Nimepima: kutoka Manthali hadi Lukla ni kama kilomita 73. Na Dar hadi Zanzibar, kiwanja kwa kiwanja, ni kilomita 73 vilevile. Kwa hiyo mfano wako wa Zanzibar ulikuwa mzuri kuliko ulivyojua. Umbali ni huohuo, dakika ni zilezile, kati ya 15 na 20, na ndege yenyewe inaweza kuwa ya ukubwa uleule uliozoea kupanda. Tofauti yote iko chini ya ndege na mbele yake.

Dar hadi Zanzibar unatoka usawa wa bahari unarudi usawa wa bahari. Manthali iko mita 474 tu, chini kuliko Moshi unakoishi, bondeni, kuna joto. Ndani ya dakika 20 unasimama kwenye mita 2,845, juu kidogo ya Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu kule Kilimanjaro. Wewe unajua mgeni anachukua saa ngapi kutoka geti la Marangu hadi Mandara, na unajua kichwa kinavyomwuma anayepelekwa haraka. Huko ndege inakurusha zaidi ya mita 2,300 kabla hujamaliza kunyonya pipi. Ndiyo maana waongozaji wa kule hawalali Lukla siku ya kwanza wakiweza. Wanateremka kwa miguu hadi Phakding, kwenye mita 2,610, ndipo kesho yake waanze kupandisha kuelekea Namche, kituo kikubwa cha njiani. Pole pole unayowaambia wageni wako, uianzie pale kiwanjani, hata kama mapafu yako yameizoea Uhuru.

Na ujue kwamba hizo dakika 20 zina gharama yake barabarani. Kathmandu hadi Manthali kwa gari ni kama kilomita 130 za kona na miteremko, saa 4 hadi 5. Ili uwahi ndege za alfajiri, gari linakuja kukuchukua saa 7 au saa 8 usiku. Ukijumlisha, yule aliyeruka dakika 20 alitumia muda mrefu zaidi kufika Lukla kuliko yule aliyeruka dakika 35. Muulize wakala wako swali hili leo, kwa maandishi: ndege yetu inaondokea Kathmandu au Manthali? Na usafiri wa usiku umo kwenye bei?

Nikufafanulie kwa nini anga la kule linahesabiwa tofauti, kwa sababu hapa ndipo nilipoitumia kazi yangu yote. Hewa ya Lukla ina uzito wa kama robo tatu ya hewa ya pwani. Bawa linabebwa na hewa, injini inakula hewa, propela inakamata hewa. Vyote vitatu vinapewa robo tatu. Rubani anayekuja kutua akiangalia saa yake ya kasi inayosema maili 75 kwa saa, kwa kweli anasogea juu ya ardhi kwa maili 86, kwa kuwa saa ile inapima msukumo wa hewa, na hewa ikiwa nyepesi inabidi ukimbie zaidi kupata msukumo uleule. Anakuja haraka zaidi, na anahitaji nafasi kubwa zaidi ya kusimama. Nafasi anayopewa ni mita 527.

Kiwanja chetu cha KIA, yaani cha kimataifa cha Kilimanjaro, kina njia ya kurukia ya mita 3,600 na kidogo. Ya Lukla unaweza kuipanga karibu mara 7 ndani yake. Kinachoiokoa Lukla ni kwamba njia yenyewe imeinama. Kwa kila mita 100 inapanda karibu mita 12, kwa hiyo ncha ya juu iko mita 60 juu ya ncha ya chini, kama jengo la ghorofa 20. Ndege inatua ikipanda mlima, na mlima unaisaidia breki. Inaruka ikiteremka, na mteremko unaisaidia injini. Upande wa juu kuna ukuta wa mawe na mlima nyuma yake. Upande wa chini ardhi inakatika kuingia bonde la mto Dudh Koshi. Hakuna kutua kutokea juu, na hakuna kuruka kuelekea juu. Na rubani akishafika karibu na ncha ya chini hawezi tena kubadili mawazo akapaa kwenda kuzunguka, kwa sababu mbele ni mlima. Sehemu nyingine zote nilizorusha ndege, uamuzi wa kuacha kutua unao mpaka magurudumu yanapogusa. Pale uamuzi unaufanya bondeni, mapema, kwa macho yako, maana hakuna mitambo ya kukuongoza kutua ndani ya mawingu. Mamlaka ya kule haimruhusu rubani kutua Lukla kabla hajapata uzoefu wa safari 100 za viwanja vifupi na safari 10 za Lukla akiwa na mkufunzi kando yake.

Usidhani waliojenga hawakuona. Kiwanja kilijengwa mwaka 1964 kwa juhudi za Edmund Hillary, yule aliyefika kileleni mwa Everest na Tenzing Norgay tarehe 29 Mei 1953. Alitaka njia ya kuleta vifaa vya shule na hospitali kwa Masherpa, wenyeji wa milima ile. Mashamba ya tambarare yalikuwa ndiyo chakula cha watu, wenyewe hawakutaka kuyaachia, na mtu yeyote aliyekulia Uchaggani ataelewa neno hilo bila kuelezwa. Ikabaki ile ardhi ya mteremko. Walipomaliza kukata vichaka na kusawazisha, udongo ulikuwa laini, basi Masherpa wakashikana mikono kwa safu wakaucheza kwa ngoma yao ya kukanyaga mpaka ukashindiliwa. Lami ilikuja mwaka 2001, na jina la Tenzing na Hillary likawekwa mwaka 2008.

Mimi nilikwenda miaka michache iliyopita kama abiria, nikiwa nimeshastaafu. Nilikaa kiti cha mbele kabisa cha Twin Otter. Hakuna mlango kati yako na marubani, unaona kila wanachokiona. Mhudumu alipita na sahani yenye pipi na pamba za masikio. Nilimtazama rubani wa kulia akishika karatasi ya hesabu juu ya goti lake, kidole gumba kikifuata mistari, na nikajua yale anayoyafuata: uzito, joto, upepo. Tulivuka mgongo mmoja wa msitu kwa karibu kiasi cha kuona moshi ukitoka kwenye paa la nyumba, halafu bonde likafunguka, na mbele ya kioo, ubavuni mwa mlima, kulikuwa na mstari mfupi wa kijivu uliosimama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Nimetua Manyara mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, kiwanja kile cha juu ya ukingo wa Bonde la Ufa ambapo upepo wa ukingoni unakunyanyua ghafla, na hata hivyo nilishika mkono wa kiti. Magurudumu yaligusa, uzito ukatusukuma mbele, injini zikanguruma kinyume, na kabla sijavuta pumzi ya pili tulikuwa tunakata kona kuingia maegesho. Maegesho yana nafasi ya ndege 4. Abiria wakashuka, mizigo ikashushwa, wengine wakapanda, ikaondoka ndani ya dakika chache.

Ile haraka yao ina sababu, na sababu hiyo ndiyo kiini cha siku zako za akiba. Wewe umeona asubuhi ngapi Kibo ikiwa wazi saa 12, ikifika saa 4 imejifunika? Ndivyo ilivyo na huko. Jua likipiga miteremko, hewa ya mabondeni inapata joto na kupanda. Inavuta upepo kutoka chini ya bonde kwenda juu, na unyevu wake unageuka mawingu yanayokaa palepale kwenye urefu wa kiwanja. Upepo huo wa kupanda bonde unamjia mgongoni rubani anayetua, na upepo wa mgongoni kwenye mita 527 haufai. Kwa hiyo kazi yote inafanywa kuanzia saa 12 asubuhi, na mara nyingi inapofika adhuhuri kiwanja kimeshanyamaza. Kila ndege inajaribu kwenda na kurudi mara kadhaa kabla anga halijafungwa. Kama mzunguko wa kwanza umechelewa saa 2 kwa ukungu wa Kathmandu au Manthali, yule wa mzunguko wa mwisho haendi leo.

Na kesho yake je? Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mwenye tiketi ya kesho anaondoka kwa tiketi yake. Wewe uliyebaki jana unasubiri kiti kitakachobaki wazi au ndege ya ziada. Siku 1 ya mawingu inaweza kukugharimu siku 2. Siku 3 za mawingu mfululizo zinajaza kijiji. Novemba 2011 hali ya hewa iliwafungia Lukla wasafiri zaidi ya 2,000 kwa siku kadhaa, mpaka vyumba na vyakula vikawa shida. Mimi mwenyewe nilikaa siku 2 nikirudi. Asubuhi ya kwanza tulipanga mstari saa 11 na nusu alfajiri, mizigo ikapimwa, kadi za kupandia tukapewa zikiwa zimeandikwa kwa mkono. Wingu lilikuwa limelala bondeni kama pamba kwenye sanduku. Juu yetu anga la buluu, chini yetu hakuna kinachoonekana. Kando yangu msichana mmoja wa Kihispania alikuwa amekalia begi lake, ndege yake ya kwenda Doha ilikuwa jioni ileile. Kila mara mtu alipotoka kwenye mlango wa ofisi alisimama. Saa 5 wakatangaza kwamba leo hakuna ndege tena, akalia. Tiketi yake haikuwa ya kurudishiwa fedha. Nilipoisoma barua yako nilimkumbuka yeye.

Wapo watakaokuambia kwamba marubani wakiahirisha safari ni uzembe. Mwaka 2008, mwezi Oktoba, Twin Otter ilijaribu kutua pale wakati ukungu umeingia, ikagonga chini ya njia ya kurukia, watu 18 wakafariki. Umoja wa Ulaya nao, Desemba 2013, uliyaweka mashirika ya ndege ya Nepal kwenye orodha ya yale yasiyoruhusiwa kuruka kwao, na sina sababu ya kukuficha hilo. Rubani wa Lukla akisema leo hapana, mpe mkono. Wewe pia umewahi kumgeuza mgeni aliyelipa dola nyingi akiwa amebakiza mita 300 kufika Uhuru, na ulikuwa sahihi.

Basi tupange safari yako. Ya kwenda haina shida kubwa, kwa sababu ukichelewa siku 1 utaibana kwenye matembezi; ila usibane siku za kupumzika Namche na Dingboche, kituo kilicho juu zaidi ya Namche, hizo ni za mwili kuzoea. Weka siku 1 ya akiba. Ya kurudi ndiyo ya kulinda. Hesabu hivi: siku uliyopangiwa kuruka kutoka Lukla, kisha siku 2 tupu, kisha ndiyo ndege ya kurudi nyumbani, na iwe ya usiku. Ukishushwa Manthali badala ya Kathmandu, kumbuka saa 5 za gari zinazokusubiri, na barabara hiyo nayo ina siku zake. Kama ndege yako ya nyumbani ilikuwa tarehe 26, ihamishie 29 usiku, hata kwa kulipa tofauti. Nauli ya kubadili sasa ni ndogo kuliko kununua tiketi mpya ukiwa Kathmandu. Na ukifika Kathmandu mapema, siku hizo 2 hazipotei; lala, oga, nenda Bhaktapur, mji wa kale ulio jirani, ukaone mafundi wa mbao.

Fedha za dharura nazo zitenge. Ndege zikisimama, helikopta wakati mwingine hupata upenyo, kwa kuwa haihitaji mita 527 na inaweza kusimama njiani ikasubiri wingu lisogee. Ni kama dakika 45 hadi Kathmandu, ni ghali, na watu hugawana viti. Kubaliana na mgeni wako kabla hamjaondoka nani analipa ikifika hapo. Mazungumzo hayo ni magumu sana mkiwa mmeshakwama. Bima yako isome mpaka mahali wanapotaja urefu wa mlima na uokoaji wa helikopta, maana kambi ile iko mita 5,364 na bima nyingi za safari zinaishia chini ya hapo.

Mzigo ni kilo 15 kwa jumla, ule wa kubeba mkononi ukiwemo. Wanapima kweli, sababu umeshaiona: ile robo tatu ya hewa. Viatu vya kupandia vivae miguuni, koti zito livae mwilini.

Jambo dogo la saa, kwa kuwa limewahi kuwaponza watu wazima. Nepal iko mbele yetu kwa saa 2 na dakika 45, ile robo haikukosewa. Hapa Moshi ikiwa saa 12 kamili asubuhi, kule ni saa 2 na dakika 45. Ukiandikiwa kuripoti 05:15, ni saa 11 na robo alfajiri ya kule; simu yako iache ijirekebishe yenyewe, na saa ya mkono uirekebishe ukiwa bado ndani ya ndege.

Waliokutangulia wapo. Wilfred Moshi alikuwa Mtanzania wa kwanza kusimama kileleni mwa Everest, mwaka 2012, na James Kagambi wa Kenya alifika mwaka 2022 akiwa na miaka 62. Kambini watakapokuuliza unatoka wapi, utaona sura zao zinavyobadilika ukitaja Kilimanjaro.

Na kiti: ukienda, omba cha kushoto. Safu ya theluji iko kaskazini, na ndege ndogo hizi hazina namba za viti, anayetangulia ndiye anayekaa. Ukirudi, kaa kulia.